Fungu la Kitale

Usiku wa kuamkia Jumapili, baada ya matanga ya mama Akwanyi,
niliamshwa na shuka.
Shuka, jamani. Pamba iliyofuliwa mara mia,
imetua juu ya kidole gumba cha mguu
kama jiwe la kusagia.
Nikaitupa. Upepo wa dirishani nao ukaniuma.

Kulipokucha, Shianda nzima ilishajua
kwamba mwalimu amekanyaga.
Miaka ishirini na sita nimefundisha sarufi:
kukanyaga ni kitenzi elekezi, hudai yambwa.
Amekanyaga nini?
Hakuna aliyeuliza. Walitazama tu ua wa minyaa,
na nyuma yake nyumba ya ndugu yangu Shitandi,
ambaye tuligombania hatua mbili za mpaka.
Nami nikatazama huko.
Miezi mitano sikumwamkia.

Baba naye alikanyaga,
mwaka wa njaa, tulipokula unga wa njano.
Yeye alimshuku mdogo wake Okwemba,
mtu mpole, fundi wa baiskeli.
Alimfukuza na spana zake na mke mjamzito.
Okwemba akaenda Kitale, akazikwa Kitale,
na hapa fungu lake la nyama
halikukatwa tena.

Mara ya tatu kidole kilipowaka nilibebwa hadi zahanati.
Tabibu Jerotich akatoa damu. Siku ya pili akaniandikia namba:
mia sita na kumi na mbili.
Jongo, akasema. Asidi ya yuriki imejaa damuni,
figo hazimudu kuitoa,
inaganda kiungoni, fuwele kali kama sindano.
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Kwenu nani mwingine huchechemea?"

Nilikaa na swali lile kwenye benchi la nje
mpaka mlinzi akafunga lango.

Kidonge kimoja kila jioni, kidole kiume kisiume.
Maji, jagi zima kabla ya jua la utosini.
Busaa, kwaheri. Maini, matumbo, omena:
nivitazame kama mtu atazamavyo mke wa jirani.
Wiki ya tatu ya dawa, kidole kikawaka upya.
Nilikuwa nimeshika karatasi ya vidonge juu ya tundu la choo
simu ilipoita. "Usiache, mwalimu.
Hizo ni fuwele za zamani, zinabomoka."
Akanipa dawa nyingine ya kutuliza.
Zinabomoka. Neno hilo nililala nalo.

Siku moja nikapita kwenye ua, pale wapitapo mbwa.
Shitandi amekaa kibarazani,
mguu ndani ya karai la maji baridi.
Akanitazama. Akautazama mguu wangu.
"Nilidhani ni wewe," akasema.
"Na mimi," nikasema.
Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko,
akidhani tumeanza kupigana.

Jumamosi iliyopita fahali aliangushwa kwa kina Wetaba.
Kisu ni changu, kama kilivyokuwa cha baba.
Shingo, nikaita, wakaja wenye shingo.
Kidari. Mbavu za wakwe.
Kisha nikakata paja la nyuma, nikalipima kwa jicho,
nikaita: "Okwemba."
Kimya. Hata nzi.
Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Huyo hana mtu hapa."
Shitandi akaja akichechemea, akalipokea kwa mikono miwili.
Tumelikausha juu ya moto. Kitale ni mbali,
na mwana aliyezaliwa huko, mimi simjui hata jina;
namba ya simu tumeipata kwa muuza spea.
Mara mbili imeita bila kupokelewa.

Ini lilipita mbele yangu likitoa mvuke.
Nilikula ugali kwa mrenda, nikanywa maji.
Msinisifu: mate yalinitoka.
Namba yangu sasa ni mia tatu tisini na moja.
Jerotich anataka chini ya mia tatu sitini.
Bado kidogo.
Kesho nitapiga tena.